Seti ya maboya ya kuteleza: boya lenyewe safi, ila vile vidude vyake vidogo viangalie vizuri

Wadau wa ndoana habari zenu. Naona watu wengi wanauliza kuhusu hizi seti za maboya ya kuteleza, zile zinazokuja kwenye kiboksi cha plastiki chenye vyumba vyumba, ndani kuna maboya ya saizi tatu, vizuizi vya uzi, vizuizi vya mpira, shanga, machubwi madogo ya kubana (vile vizito vya kuzamisha chambo) na ndoana kidogo. Mi nimeitumia msimu mzima, karibu kila wiki nilikuwa ziwani na wiki nyingine mara mbili, kwa hiyo nimeona nikae niandike vizuri maana majibu mengi nayoyaona ni "nzuri nunua" au "takataka hiyo" na hayo hayamsaidii mtu. Jina la kampuni sitaji, hizi seti zinafanana sana na zina majina kibao, we angalia tu vitu ntakavyovisema ukiwa umeshika kiboksi mkononi.

Nianze na ambaye hajawahi kutumia. Boya la kawaida unalibana kwenye uzi na linakaa palepale. Unataka chambo kikae mita moja chini, unabana mita moja juu ya ndoana, umemaliza. Sasa unataka mita nne, inakuwaje? Fimbo yako ina mita mbili na kidogo, boya likifika kwenye pete ya juu ya fimbo, pale uzi unapopita, linagoma, chini yake kuna mita nne za uzi zinaning'inia na ndoana inazunguka hovyo, kurusha huwezi, na hata ukipata samaki kumleta mpaka mkononi ni kazi. Ndo maana sisi tunaovua tukiwa ukingoni tunaishia kuvua maji ya juu juu tu halafu tunasema leo samaki hawali, kumbe wanakula ila wako mita mbili chini ya chambo chako.

Boya la kuteleza lina tundu kutoka juu mpaka chini, uzi unapita humo ndani bila kubanwa, boya linateremka mpaka linakalia chubwi. Juu huko kwenye uzi unafunga kizuizi kidogo sana ambacho kinapita kwenye pete zote za fimbo na kinaingia hadi ndani ya rili, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi. Ukirusha, vyote vinaenda pamoja kama kifurushi, boya linatua, chubwi linaanza kushuka na kuvuta uzi kupitia tundu la boya, linavuta linavuta, mpaka kizuizi kifike kigonge ule ushanga ulio juu ya boya, hapo ndo mwisho, boya linasimama wima. Chambo chako kiko mita nne, sita, popote ulipopanga, na ukirusha tena kinarudi kina kilekile bila kupima upya. Hiyo tu ndo siri yake yote na kwangu mimi imebadilisha kabisa namna ya kuvua.

Sasa seti yenyewe. Maboya nayapa alama za juu kabisa. Ni ya mbao nyepesi aina ya balsa yamepakwa rangi, juu nyekundu ya kuwaka na chini nyeupe, marefu membamba, sio yale ya duara kama mpira wa pingpong. Huu wembamba una maana sana, samaki akivuta boya nene anahisi uzito na anatema, jembamba linazama kama halipo. Kitu kingine ambacho lazima ukitazame kabla hujalipa, pale juu kwenye mdomo wa tundu kuna kipete cha shaba. Maboya mawili kwenye kiboksi changu yalikuja bila hicho kipete, nikasema ah kitu kidogo, baada ya wiki kama tatu hivi uzi ukawa umechimba kamfereji kwenye mdomo wa tundu na ukawa unanasa hapo, boya linasimama kabla chambo hakijafika chini. Yenye kipete yapo vilevile mpaka leo. Rangi imeanza kubanduka kidogo kwenye ncha za chini ila hiyo haisumbui, nilipaka rangi ya kucha ya kung'aa nikaziba ili mbao isinywe maji, maana balsa ikinywa maji inakuwa nzito na hesabu yako yote ya machubwi inavurugika.

Vizuizi ndo patamu hapa, nisikilizeni. Kwenye seti kuna vya aina mbili. Vya mpira ni vipunje vidogo vyeusi vimepangwa kwenye kitanzi cha waya, unapitisha uzi kwenye kitanzi, unavuta punje inahamia kwenye uzi, sekunde tano umemaliza. Rahisi sana na ndo vinavyomvutia mtu. Ila mi vilinikatisha tamaa, jua likivipiga vinakauka na kupasuka, nimewahi kurusha na kizuizi kikaachia palepale, chambo kikaenda mpaka kwenye matope na mi nimekaa nasubiri boya lizame kwa karibu nusu saa. Vingine vikipita kwenye pete ndogo ya mwisho vinakwaruza na kusogea taratibu, kila ukirusha unapoteza sentimita kadhaa bila kujua. Nikaacha.

Vya uzi ni tofauti. Ni fundo lililofungwa tayari juu ya kimrija kidogo cha plastiki. Unapitisha uzi wako kwenye mrija, unasukuma fundo litoke kwenye mrija likae juu ya uzi, unatupa mrija, halafu unavuta zile ncha mbili pole pole. Kabla hujakaza, LOWESHA, weka mate au maji, ukikaza kavu uzi wako wa nailoni unaungua kwa msuguano na hapo ndo patakatika siku ya samaki mkubwa. Kaza mpaka lisogee kwa kusukumwa na kucha tu. Na ncha usizikate mpaka kwenye fundo! Hili kosa karibu kila mtu analifanya mara ya kwanza. Ukizikata fupi zinakuwa ngumu kama miiba na zinagonga kwenye pete, ukiziacha kama sentimita moja au moja na nusu zinalala zenyewe na kupita laini, husikii hata kitu kwenye kidole wakati wa kurusha. Na vikiisha hununui vingine, unachukua kipande cha uzi wowote mnene wa kushonea unafunga fundo lile la kuzungusha mara nne au tano juu ya uzi wako, ni kilekile.

Shanga zao ni ndogo na nzuri ila nyingine zina tundu kubwa kupita kiasi. Hapa kuna mpangilio wa matundu matatu, tundu la boya linapitisha kizuizi, tundu la ushanga HALIPITISHI kizuizi, uzi unapita kote. Ushanga wenye tundu kubwa unapitwa na kizuizi na mtambo wote unakuwa hauna maana. Kwa hiyo nyumbani kaa chini, chukua kila ushanga, jaribu kupitisha kizuizi, unaopitisha weka pembeni. Kwangu kwenye shanga ishirini, sita zilifeli.

Machubwi. Yale ya kwenye seti yangu ni ya risasi, laini, yanabanwa kwa koleo vizuri na hayakati uzi. Lakini risasi ni sumu jamani na hili nalisema kwa uchungu kabisa, ndege wa majini wanayameza wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula tumboni na wanakufa. Uingereza walikataza kuuza machubwi ya risasi ya kuanzia gramu 0.06 mpaka 28.35 tangu 1987 kwa sababu mabata maji wakubwa weupe walikuwa wanakufa sana. Mi nimenunua ya bati pembeni. Bati ni jepesi kuliko risasi, sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3 na ya bati 7.3, kwa hiyo chubwi la bati la uzito uleule linakuwa kubwa kama mara moja na nusu, utalizoea. Na yale ya risasi kama unayo tayari, usiyabane kwa meno, nimeona watu wazima wanafanya hivo na watoto wanawaangalia.

Hili linanileta kwenye ndoo. Boya halijaandikwa linabeba gramu ngapi, na hiyo ni kasoro ya seti, ila dawa yake ni kujaza ndoo maji nyumbani. Nilifunga mtambo mzima, nikaweka boya la saizi ya kati kwenye ndoo, nikaongeza chubwi moja moja. Na machubwi matatu lilisimama ila nusu nzima iko juu ya maji. Manne, likashuka. Matano ikabaki nyekundu peke yake, kama urefu wa kucha ya kidole gumba. La sita likazama lote. Nikabaki na matano. Hapo nikaligusa kwa kidole kidogo sana likashuka lote, bila ubishi. Hivo ndo linavyotakiwa liwe, samaki asihisi kitu. Wengi wanaolalamika kwamba "linadonolewa tu halizami" wamefunga boya kubwa na chubwi moja. Na chubwi likiwa jepesi mno kuna tatizo lingine, halina nguvu ya kuvuta uzi kupita kwenye tundu, chambo kinaning'inia nusu mita chini ya boya na we unajua kipo mita nne.

Machubwi yote yakusanye sehemu moja, chini yake swiveli ndogo (kiungo kinachozunguka ili uzi usisokotane), halafu kipande cha mwisho cha uzi mwembamba zaidi cha sentimita 30 mpaka 45, halafu ndoana. Hicho kipande cha mwisho kiwe dhaifu kuliko uzi mkuu ili ukinasa kwenye kisiki unapoteza ndoana tu, sio boya na vyote.

Sasa siku iliyonifanya niandike haya yote. Nilikuwa kwenye gati la mbao, jua kali, maji yametulia kabisa. Asubuhi yote nilikuwa nimeweka mita moja na nusu na hamna kitu. Nikasema ngoja nipime kina. Nikabana chubwi zito kwenye ndoana yenyewe nikarusha, boya likazama lote, maana yake chubwi halijagusa chini na linaning'inia, nikasogeza kizuizi juu, nikarusha, likazama tena, nikasogeza, mara ya nne boya likabaki limelala ubavu, hapo chubwi limekaa chini na kuna uzi wa ziada. Nikarudisha kidogo mpaka ncha ikawa inaonekana tu. Nikapima uzi kwa mikono, ikawa kama mita tano na kidogo. Nikaanza sasa kupandisha kutoka chini, nusu mita kwa nusu mita, kila kina nakipa dakika kumi. Karibu na chini hamna. Mita nne na nusu hamna. Mita nne hamna. Mita tatu na nusu, boya halijakaa hata dakika mbili, likatikisika mara moja, likatulia, halafu likaanza kutembea pembeni pole pole kama linavutwa na mtoto, halafu likazama, ile nyekundu naiona inafifia ndani ya maji mpaka ikapotea.

Hapo usivute kwa kishindo. Uzi wako kutoka kwenye fimbo unaenda mpaka kwenye boya halafu unakunja kwenda chini, ukivuta ghafla unanyoosha kona tu, ndoana haijasikia. Zungusha rili mpaka usikie uzito wa samaki mwenyewe, halafu nyanyua fimbo kwa mwendo mrefu. Nilipata sita pale, wote kina kilekile, tofauti haizidi shubiri moja. Nilijaribu makusudi kushusha nusu mita, kimya. Nikarudisha, boya likazama.

Sababu yake inaeleweka. Wakati wa joto maji ya ziwa yanajipanga matabaka, yale ya juu ni ya moto na mepesi, ya chini ni ya baridi na mazito, hayachanganyiki, na kwenye maziwa mengi yale ya chini yanaishiwa hewa ya oksijeni. Samaki anakaa katikati, pale penye ubaridi kidogo na hewa bado ipo. Ukiweka chambo chini kabisa umemwekea chakula mahali asipoweza kukaa, ukiweka juu sana umemwekea kwenye joto na mwanga mkali. Halafu samaki wengi wanaona na kushambulia kuelekea juu kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kuweka juu yake kidogo, chambo kikiwa chini yake mara nyingi hahangaiki nacho.

Kuna mbinu mbili nyingine za kawaida na sizidharau. Chubwi chini kabisa bila boya, uzi umenyooka na we unasikiliza kwa kidole, hiyo kwa kambare bado ndo namba moja, ye chakula chake anakitafuta chini kwa sharubu na usiku hasa. Na uzi mtupu, ndoana na chambo bila chubwi wala boya, kinazama chenyewe taratibu, kwenye maji ya kina kifupi karibu na majani ya maji hiyo inatisha, perege mwoga ambaye anakimbia mlio wa boya anakuja kuchukua mwenyewe. Boya la kuteleza ni la pale katikati na la kingo za majani, unaliacha upepo ulisukume pole pole kufuata ukingo wa majani na chambo kinakagua mita ishirini bila we kufanya kitu.

Ila upepo huohuo ukizidi unakuwa adui. Uzi unatengeneza tumbo juu ya maji, unavuta boya. Nyanyua fimbo, ulipige lile tumbo urudishe upande wa upepo. Na tumia uzi wa nailoni wa kawaida kama uzi mkuu, ule wa flurokaboni unazama na unavuta boya upande, huo weka kwenye kipande cha mwisho tu. Ukisharusha usifunge rili haraka, acha ule waya wake wa kukunja unaoshika uzi uwe wazi, uzi utoke bure, tazama boya, kwanza linalala ubavu, uzi unapita, halafu linasimama lenyewe. Likisimama ndo ufunge. Wengi wanafunga pale linapogusa maji halafu wanashangaa mbona chambo kinarudi karibu na ukingo. Na kurusha kwenyewe kuwe kwa kubembea, sio kwa kuchapa, karibu na kutua zuia uzi kidogo kwa kidole ili chambo kitangulie mbele ya boya, la sivyo vinafungana hewani.

Boya likiendelea kulala halisimami kabisa usikate tamaa ya mtambo, ama chambo kimekaa chini, ama kuna samaki amekiokota na anapanda nacho juu. Zungusha rili pole uone.

Chambo sina maneno mengi, mnyoo wa kawaida unashinda vyote, mchome mara mbili tu uache mkia uchezecheze, ukimkusanya wote kama mpira anakufa haraka na hachezi. Unga uliokandwa na pamba kidogo ndani ili usiyeyuke, mkate, punje ya mahindi laini, mende wa majani, vyote vinakwenda. Samaki wadogo hai usiwatoe ziwa moja kupeleka lingine, magonjwa na samaki wageni vinasambaa hivo hivo, na sehemu nyingi sheria inakataza.

Ndoana za kwenye seti, hapana. Zilikuwa namba 8 na namba 4, zote chuma laini. Nilipata mmoja mzito kweli, nikavuta, uzi ukalegea, kuitazama ndoana imenyooka kama sindano. Nilikaa pale gatini nikaishika mkononi muda mrefu. Nimezitoa zote nikaweka zangu, kwa samaki wa midomo midogo namba 8 au 10, kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua, na nimebana kile kimwiba cha pembeni kwa koleo ili wadogo niwaachie bila kuwachana mdomo. Uzi ukiwa haulegei samaki hatoki kwa sababu ya hilo.

Nimetoa nyota nne. Moja nimeishikilia kwa ndoana na vile vipunje vya mpira, maana mtu mgeni ndo anavitumia vya kwanza na vinamfelisha siku yake ya kwanza, anaweza akaacha kabisa. Maboya, vizuizi vya uzi na kile kiboksi vinatosha kulipia hela yote.

Kuna mdau aliniuliza kama yanafaa usiku. Lile kubwa juu yake lina kitundu cha kuchomeka kijiti cha mwanga, kile unachokikunja kinapasuka ndani halafu kinawaka kijani. Nimejaribu mara mbili, kinaonekana vizuri hata mita ishirini. Bebeni viwili viwili na mkumbuke kukipima kwenye ndoo kikiwa kimechomekwa, kina uzito wake, mi ilibidi nipunguze chubwi moja.